Stan Laurel: Aliyeuchekesha ulimwengu kwa mizimu huku akimwomboleza mwanawe

Na Mwandishi Wetu, Tarime

MEI 1930, katika studio ya Hal Roach iliyokuwa Culver City, California nchini Marekani, wanaume wawili walikuwa wakitetemeka juu ya kitanda kimoja, ndani ya chumba ambamo, kwa mujibu wa hadithi waliyokuwa wakiigiza, mtu alikuwa ameuawa. Nje radi zilipiga, ndani popo alijinasa kwenye shuka, na kazi ya wawili hao ilikuwa moja tu: kuogopa kiasi cha kumvunja mbavu kila atakayewatazama.

Mmoja wao, yule mwembamba, alikuwa na msiba nyumbani kwake. Mtoto wake wa kiume alizaliwa Mei 7 mwaka huo, miezi miwili kabla ya wakati, akaishi siku tisa tu. Alikuwa amepewa jina la baba yake, Stanley.

Filamu hiyo ilikamilika na kuingia katika majumba ya sinema Septemba 1930 kwa jina la The Laurel-Hardy Murder Case. Watazamaji walicheka. Wengi wao hawakujua kwamba mtu waliyekuwa wakimcheka kwa kuogopa kifo alikuwa amekutana na kifo chenyewe katika mwezi ule ule wa kazi.

Mwembamba huyo ni Stan Laurel, nusu ya jozi ya wachekeshaji mashuhuri kupita zote katika historia ya sinema. Hapa nchini, iwe Tarime, Mugumu au Dar es Salaam, wengi humtambua kwa sura kuliko kwa jina: ni yule aliyekuwa akikuna kichwa hadi nywele zikasimama wima, kisha akaangua kilio cha kitoto mbele ya mwenzake mnene, Oliver Hardy.

Kwa Mtanzania, kicheko kinachopita karibu na jeneza si jambo geni. Katika misiba yetu mtani anayo ruhusa ya kuvaa nguo za marehemu, kuigiza mwendo wake na hata kuzuia maziko hadi alipwe chochote, na wafiwa hucheka huku machozi yakiwadondoka. Laurel hakupata kuusikia utani wa aina hiyo, lakini kazi yake ilifanana nao sana.

AZALIWA KATIKA FAMILIA YA JUKWAANI

Jina alilopewa na wazazi wake ni Arthur Stanley Jefferson. Alizaliwa Juni 16, 1890 katika mji mdogo wa Ulverston, kaskazini magharibi mwa Uingereza, nyumbani kwa babu na bibi yake mzaa mama. Baba yake, Arthur Jefferson, alikuwa mwigizaji, mtunzi wa michezo na meneja wa majumba ya maonyesho. Mama yake, Margaret, naye alikuwa mwigizaji.

Wazazi walikuwa wakihama mji hadi mji kufuata kazi, hivyo kijana huyo alilelewa kwa sehemu kubwa na bibi yake. Masomo hayakumvutia. Kilichomvutia ni vichekesho alivyoviona nyuma ya pazia la majumba aliyoyasimamia baba yake.

Mwaka 1906, akiwa na umri wa miaka 16, alipanda jukwaani kwa mara ya kwanza katika ukumbi wa Britannia Panopticon mjini Glasgow, Uskochi. Hakumwambia baba yake. Nguo alizozivaa siku hiyo, zikiwamo suruali na koti, alizichukua kwa siri kwenye kabati la mzee huyo.

Bahati mbaya, au pengine nzuri, baba yake alikuwa miongoni mwa watazamaji. Kijana alitarajia kipigo. Badala yake mzee alikubali kwamba mwanawe amekwishachagua njia yake, akamsaidia kupata kazi.

Mwaka 1910 alijiunga na kampuni ya maonyesho ya Fred Karno, ambayo nyota wake alikuwa kijana mwingine wa Kiingereza, Charlie Chaplin. Jefferson alipangwa kuwa mbadala wa Chaplin, yaani mtu wa kuingia jukwaani iwapo nyota angeugua. Septemba mwaka huo wote wawili walipanda meli kwenda Marekani na kampuni hiyo.

Kwa Karno alijifunza somo alilolitumia maisha yake yote: kwamba mwili ukitumika vizuri unaweza kusimulia kisa kizima bila neno hata moja. Chaplin alipoingia katika filamu na kupata utajiri, mbadala wake alibaki akizunguka katika majumba madogo ya maonyesho ya Marekani, mara nyingine bila hakika ya mlo wa kesho.

AOGOPA NAMBA 13

Katika miaka hiyo ya kuhangaika alifanya kazi na mwigizaji mwenzake, Mae Dahlberg, ambaye pia waliishi pamoja. Ndipo jina la Laurel lilipozaliwa. Inasimuliwa kuwa aligundua kwamba Stan Jefferson ni jina lenye herufi 13, namba ambayo watu wengi wa Magharibi huiona kuwa ya mkosi. Mtu aliyekuja kujulikana kwa kuigiza hofu za kipuuzi alibadili jina kwa hofu ya aina hiyo hiyo.

Filamu yake ya kwanza ilitoka mwaka 1917. Miaka michache baadaye alionekana katika filamu fupi iitwayo The Lucky Dog, ambamo pia alikuwamo mwigizaji mmoja mnene kutoka Jimbo la Georgia, Oliver Hardy, aliyezaliwa Januari 18, 1892. Hakuna aliyewafikiria kuwa jozi wakati huo, na kila mmoja alishika njia yake.

Walikutana tena katika studio ya Hal Roach. Laurel aliajiriwa huko zaidi kwa ajili ya kuandika na kuongoza kuliko kuigiza. Ilikuwa mwaka 1927 ambapo studio, chini ya jicho la mwongozaji Leo McCarey, ilianza kuwaweka pamoja kwa makusudi.

Siri ya jozi hiyo ilikuwa nyepesi kuieleza na ngumu kuiiga. Wote wawili walikuwa wajinga, lakini mnene aliamini kwamba yeye ni mwerevu. Mwembamba hakuwa na shaka wala matumaini. Alifanya alichoambiwa, na kila kitu kikaharibika.

SAUTI YAINGIA KATIKA FILAMU

Mwishoni mwa miaka ya 1920 filamu zilianza kusema. Wachekeshaji wengi waliokuwa wamejengwa na ukimya waliporomoka, baadhi kwa sababu sauti zao hazikulingana na sura zao, wengine kwa sababu walianza kuzungumza mfululizo wakasahau kuchekesha.

Laurel alikuwa mwangalifu. Filamu yao ya kwanza yenye mazungumzo, Unaccustomed As We Are, ilitoka Mei 1929, na ndani yake walizungumza pale tu palipohitajika. Badala ya kuonyesha mtu akianguka ngazini, walimwacha mtazamaji asikie kishindo cha mwanguko huo bila kuuona. Akili ya mtazamaji ilimaliza kazi iliyobaki, na kicheko kikawa kikubwa zaidi.

Ufundi huo ndio uliozipa uhai mpya filamu fupi za nyumba zenye mizimu. Wachekeshaji wa filamu bubu walikuwa wamekwishaijaribu hadithi hiyo. Harold Lloyd alitoa Haunted Spooks mwaka 1920 na Buster Keaton akatoa The Haunted House mwaka 1921. Lakini nyumba bubu ilitegemea shuka jeupe na unga wa usoni. Nyumba yenye sauti ilikuwa na mlango unaolia, upepo unaovuma, hatua za mtu asiyeonekana na ukelele kutoka chumba cha pili.

Ghafla kila studio ilitaka mizimu. Mwaka 1929 Walt Disney alitoa katuni ya mifupa inayocheza ngoma makaburini, The Skeleton Dance, na mwaka huo huo akampeleka Mickey Mouse katika nyumba ya mizimu. Studio ya Roach nayo iliwaingiza watoto wa kundi lake la Our Gang katika nyumba ya kutisha kwenye filamu ya Moan & Groan, Inc.

Aina hiyo ya vichekesho ilikuwa na upande wake mchafu. Waigizaji weusi wa Marekani walipewa ndani yake kazi ile ile kila mara: kutoa macho, kutetemeka na kukimbia kabla ya wengine, kana kwamba woga ni urithi wa rangi ya ngozi. Wengi waliikubali kwa kuwa hapakuwa na kazi nyingine ya filamu waliyopewa.

Katika filamu ya nyumba ya mizimu ya mwaka 1930, mzigo wa woga waliubeba Laurel na Hardy wenyewe, watu wazima wawili weupe waliomwogopa popo. Hata hivyo, hawakuwa safi kwa jambo hilo; mwaka uliofuata, katika Pardon Us, walijipaka rangi nyeusi usoni na kujifanya vibarua weusi wa shamba la pamba.

MIRATHI, RADI NA POPO

The Laurel-Hardy Murder Case, iliyoongozwa na James Parrott, ni filamu ya nusu saa hivi. Inaanza na wawili hao gatini, wakivua samaki, wakiwa hawana hata senti. Hardy anaokota tangazo gazetini: tajiri aitwaye Ebeneezer Laurel amefariki dunia na kuacha mali ya dola milioni tatu, na ndugu zake wanatakiwa kufika kwa ajili ya mirathi.

Hardy anamhoji mwenzake kama ana ndugu wa jina hilo. Mwembamba hana hakika, lakini hakika haihitajiki panapokuwa na milioni tatu. Wanaondoka usiku wa mvua kwenda kwenye jumba la marehemu.

Wanachokikuta huko si mali. Polisi wamewafungia ndugu wote ndani, kwa sababu tajiri huyo hakufa kifo cha kawaida bali aliuawa, na kila aliyekuja kurithi anashukiwa. Laurel na Hardy wanapelekwa kulala katika chumba cha mauaji.

Ndugu wengine wanaitwa mmoja baada ya mwingine kwenda kupokea simu, na kila anayeketi kwenye kiti kilicho karibu na simu hiyo anatoweka. Kumbe chini ya kiti kuna mlango wa siri. Anayewaita ni mwanamume aliyejifanya bibi kizee. Zamu ya wawili hao inapowadia wanapambana naye, na katikati ya mapambano wanazinduka, wako pale pale gatini. Yote ilikuwa ndoto.

Msomaji wa Mkoa wa Mara, kama wa mkoa mwingine wowote, hahitaji mkalimani kuielewa hadithi hiyo. Ukoo unaojaa ghafla baada ya mazishi na ndugu wasiojulikana wanaojitokeza wakisikia kuna ng'ombe au kiwanja ni mambo yanayofika mahakamani hadi leo. Mizimu ilikuwa kisingizio. Kilichochekwa ni tamaa.

AKARIRI LUGHA ASIZOZIJUA

Sauti ilileta tatizo jingine. Filamu bubu ilieleweka Paris, Berlin na Madrid kwa kubadili tu maandishi ya katikati. Filamu iliyozungumza Kiingereza ilikuwa bubu wa aina nyingine kwa watu wa huko, na teknolojia ya kuingiza sauti za lugha nyingine ilikuwa bado changa.

Hal Roach aliamua kwamba jozi yake irudie kuigiza filamu zile zile kwa lugha nyingine. Hadithi ya jumba la mauaji ilitengenezwa pia kwa Kihispania, Kijerumani na Kifaransa, na toleo la Kihispania liliitwa Noche de duendes. Waigizaji wasaidizi walibadilishwa kwa wenye lugha hizo, lakini Laurel na Hardy walibaki.

Hawakuzijua lugha hizo. Walimu walikaa nao, maneno yakaandikwa ubaoni nyuma ya kamera kwa jinsi yanavyotamkwa, na wao wakayasema kama kasuku. Lafudhi yao ya ajabu iliwafurahisha watazamaji wa huko na kuongeza vichekesho ambavyo havikuwa katika mswada.

Maana ya hilo kwa Laurel mwaka 1930 inahitaji kutafakariwa. Kisa cha kifo, chumba cha maiti na shuka jeupe hakukipitia mara moja. Alikirudia kwa lugha ya pili, ya tatu na ya nne, katika mwaka ule ule aliompoteza mtoto.

Hapa kwetu tatizo hilo la lugha lilipata suluhisho la gharama nafuu zaidi. Katika vibanda umiza vya miji yetu, msimulizi mmoja mwenye kipaza sauti aliweza kuwatafsiria watazamaji filamu nzima kwa Kiswahili, huku akiongeza mizaha yake. Vyote viwili vilitokana na haja moja: mtu anataka kuchekeshwa kwa lugha anayoielewa.

ENZI YA FURAHA NA MISIBA

Miaka iliyofuata ilikuwa kilele cha kazi yake. Mwaka 1932 filamu yao fupi ya The Music Box, inayohusu kupandisha piano kwenye ngazi ndefu za nje, ilipata tuzo ya Oscar, ya kwanza kutolewa kwa filamu fupi ya vichekesho.

Watu wengi waliamini kuwa mnene ndiye aliyekuwa kiongozi, kama ilivyoonekana katika filamu. Ukweli ulikuwa kinyume. Hardy alipomaliza kuigiza alikwenda kucheza gofu, wakati Laurel alibaki studio akipanga vichekesho na kusimamia uhariri. Mshahara wake ulikuwa mara mbili ya ule wa Hardy, na Hardy hakuwa na kinyongo kwa hilo.

Misiba nayo haikumwacha. Mwaka 1933 mdogo wake alifariki dunia katika kiti cha daktari wa meno, baada ya kupewa gesi ya usingizi ambayo Wazungu huiita gesi ya kuchekesha. Ndoa yake na Lois Neilson, mama wa marehemu mtoto Stanley na wa binti yao Lois, ilivunjika katika miaka hiyo. Alikuja kuoa wanawake wengine, mmoja wao zaidi ya mara moja, na magazeti ya Marekani hayakukosa habari.

Hata hivyo alirudi kwenye mizimu. Desemba 1934 ilitoka The Live Ghost, ambamo jozi hiyo inajikuta katika meli ambayo mabaharia wanaamini ina mzimu. Nahodha ameapa kumgeuza shingo mtu yeyote atakayetamka neno hilo mbele yake. Mlevi mmoja anaangukia kwenye chokaa, anatoka akiwa mweupe kutoka kichwani hadi miguuni, na neno lililokatazwa linawatoka wawili hao bila kupenda.

AACHWA MIKONO MITUPU

Mwaka 1940 wawili hao waliachana na Roach. Walikuwa na mikataba iliyomalizika kwa nyakati tofauti, hali iliyowanyima kwa muda mrefu nguvu ya kudai haki pamoja. Katika studio kubwa walizohamia, Laurel aliambiwa aigize tu. Kuandika na kuhariri kulikuwa kazi ya wengine. Filamu za miaka hiyo hazikufikia zile za awali.

Jukwaa ndilo lililowapokea. Walizunguka Uingereza mwaka 1947 na tena mwanzoni mwa miaka ya 1950. Septemba 1953 meli yao ilipotia nanga Cobh, nchini Ireland, umati uliwajaza bandarini na kengele za kanisa kuu zikapigwa kwa wimbo wa filamu zao. Laurel na Hardy walilia.

Wakati huo televisheni ilikuwa imeanza kuzionyesha filamu zao fupi kila siku kwa kizazi kipya. Filamu hizo hazikuwa mali yao, na malipo ya maonyesho hayo hayakuwafikia. Mtu aliyezikata na kuzishona kwa mkono wake alizitazama sebuleni kama mtazamaji mwingine, na inaelezwa kuwa kilichomuuma zaidi ni jinsi zilivyokatwakatwa ili kupitisha matangazo ya biashara.

Mwaka 1955 alipatwa na kiharusi. Mwaka uliofuata Hardy naye alishikwa na kiharusi kikali zaidi, akafariki dunia Agosti 7, 1957. Laurel hakuweza kwenda kumzika kwa amri ya daktari. Tangu siku hiyo alikataa kuigiza tena, ingawa aliendelea kuandika vichekesho vya wawili ambavyo visingechezwa.

SIKU ZA MWISHO

Alimalizia maisha yake katika nyumba ndogo ya kupanga mjini Santa Monica, California, pamoja na mkewe Ida. Namba yake ya simu ilikuwa kwenye kitabu cha simu kama ya mtu wa kawaida. Vijana waliompigia kwa kubahatisha walishangaa yeye mwenyewe akipokea, na wengi walikaribishwa nyumbani. Barua za mashabiki alizijibu mwenyewe kwa mashine ya kupiga chapa.

Mwaka 1961 alipewa tuzo ya heshima ya Oscar kwa mchango wake katika vichekesho vya sinema. Afya haikumruhusu kwenda ukumbini. Mchekeshaji Danny Kaye aliipokea kwa niaba yake.

Februari 23, 1965, siku chache baada ya kupata mshtuko wa moyo, Laurel alifariki dunia akiwa na umri wa miaka 74. Inasimuliwa kuwa dakika zake za mwisho alimtania muuguzi aliyekuja kumchoma sindano, akimwambia kuwa afadhali angekuwa anateleza kwenye theluji. Muuguzi alipouliza kama anaujua mchezo huo, alijibu kuwa haujui, ila ungekuwa nafuu kuliko sindano. Muuguzi aliporudi tena, alikuwa amekwishakata roho.

Mazishini alikuwapo Buster Keaton, aliyekuwa ameingia katika nyumba ya mizimu ya sinema miaka tisa kabla ya Laurel. Keaton aliwaambia waombolezaji kwamba kati yake, Chaplin na marehemu, aliyechekesha kuliko wote ni marehemu.

Mji wa Ulverston una makumbusho ya Laurel na Hardy tangu mwaka 1983 na sanamu yao iliyozinduliwa mwaka 2009. Mwaka 2018 ilitolewa filamu ya Stan & Ollie inayosimulia ziara zao za mwisho. Mtoto Stanley hana sanamu wala filamu. Amebaki katika nusu saa ile ya mwaka 1930, ambayo baba yake aliimaliza, akaenda nyumbani, kisha akarudi studio kuianza upya kwa Kihispania.